Mgombea Haachwi Peke Yake

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya ukutani, mashariki na magharibi, na sikuiona. Kwa hiyo msomaji akidhani anaitambua, ajue kwamba ni macho yake tu, na amwombe Mungu amponye.

Nchi hiyo ilikuwa Shirikisho la majimbo mengi, na kila ilipopata nafasi iliongeza jingine, kama mtu anayekusanya vikombe visivyofanana. Jimbo letu liliingia mwisho. Siku lilipoingia halikuwa na jina, maana Kamati ya Majina ilikuwa likizo, kwa hiyo waliliita Jimbo Jipya, wakaahidi kulibadilisha jina hilo litakapozeeka.

Tulipewa bendera. Tulipewa wimbo, ambao beti zake mbili zilisifu bahari, ingawa hatuna bahari. Na Bungeni, kule Makao Makuu, tulipewa kiti. Waliokiona walisema ni kiti kizuri, cha ngozi, chenye magurudumu. Kasoro yake ilikuwa moja: hakikuwa na mtu.

Kanuni ya Bunge ilisema asiyesema amekubali. Kiti chetu hakikusema, kwa hiyo kilikubali. Kilikubali ushuru wa filimbi. Kilikubali sikukuu ya kuzaliwa kwa mke wa Spika. Magazeti ya Makao Makuu yalikisifu, yakaandika kwamba katika majimbo yote hakuna mjumbe mtulivu na mzalendo kama yule wa Jimbo Jipya. Na katika utulivu wake huo, kiti chetu kilikubali pia ujenzi wa ukuta kwenye korongo lililo chini ya Bonde la Ipyela, ili mto uzibwe, maji yajae, umeme upatikane, na sanamu za Makao Makuu zimulikwe hata mchana.

Ukuta ulijengwa haraka. Kilichobaki kilikuwa idhini ya kufunga milango yake. Hapo sheria ilikuwa na huruma. Ilisema kwamba bonde la jimbo lolote haliwezi kujazwa maji ikiwa mjumbe wa jimbo hilo atasimama Bungeni na kusema neno moja: "Napinga." Asimame kwanza, ndipo aseme. Kiti, kama tujuavyo, hakiwezi kusimama.

Ndipo tulipotangaziwa uchaguzi wetu wa kwanza.

*

Bonde la Ipyela lilikuwa na nyumba chache tu. Wengi wetu tunaishi juu, kwenye baridi, na tulikuwa tukishuka huko kununua mchele. Katika nyumba hizo chache aliishi Mama Sekela, mkulima wa mpunga na mwalimu wa kwaya, pamoja na mume wake Anyosisye, mtu mpole ambaye hucheka kabla ya kuelewa. Walikuwa wamezika huko mama yake Sekela, na mtoto wao wa kwanza, Lusajo, aliyefariki kabla hajatembea.

Mama Sekela alipochukua fomu ya kugombea hakuahidi barabara wala zahanati. Alisimama mbele ya kanisa baada ya ibada akasema:

"Nipelekeni nikaseme lile neno moja. Nikishalisema, nitarudi kupalilia. Bwawa likijaa, mimi nitahama, miguu ninayo. Lakini Lusajo hana miguu ya kuhama."

Watu walilia. Mchungaji Lugano aliombea kampeni hiyo mpaka jasho likamtoka. Mama Subilaga, muuza vitumbua wa pale sokoni, ambaye ulimi wake unaogopwa kuliko mafuta yake, alisema kwamba atakayempa kura mtu mwingine asikanyage tena kibandani kwake. Hakuna katika jimbo letu aliyetaka mtu mwingine. Hilo naliapa, ingawa tumekatazwa kuapa.

Lakini sheria ilisema uchaguzi wa mgombea mmoja si uchaguzi bali ni makubaliano. Basi Makao Makuu yakatuletea wa pili.

Aliitwa Bwana Polikarpo Sengo. Alikuwa karani mstaafu wa Idara ya Mihuri, na maisha yake yote alikuwa amepiga mhuri wenye neno "Imeonekana." Aliletwa na gari la serikali, likamshusha na sanduku lake, likaondoka kabla hajauliza choo kiko wapi. Hakuwa mbaya. Alisalimia kila mtu, hata mbuzi, maana hakuwa amevaa miwani. Kampeni yake ilikuwa mkutano mmoja, na iliyohudhuria ni mvua.

*

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo msomaji atatuona wapumbavu, na afadhali atuone hivyo baada ya kuelewa.

Kwetu mtu haachwi peke yake. Mtu akila peke yake, jirani huja na kijiko. Mgonjwa akilazwa, ukoo wote hulala chini ya kitanda chake, na daktari huwaruka. Mwizi akipelekwa kituoni, lazima awe na wa kumsindikiza, na mara nyingi anayemsindikiza ni yule aliyeibiwa, kwa sababu ndiye aliye karibu. Mtoto huanza kufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kunawa. Tunajivunia desturi hiyo. Tulikuwa tunajivunia.

Siku ya uchaguzi tulikusanyika uwanja wa mpira, akaja Msimamizi Mkuu, Mheshimiwa Gervas Mtandika, mtu mnene aliyezungumza kana kwamba kila neno lina nakala tatu.

"Wananchi wa Jimbo Jipya," alisema, "karatasi za kura zimechapishwa, zimekaguliwa, zimesifiwa, na zimepelekwa kwa makosa katika jimbo lisilo na uchaguzi. Wao wamezipiga, na tunawapongeza. Ninyi mtapiga kura kwa miguu. Mgombea mmoja atasimama goli la mashariki, mwingine goli la magharibi. Mpiga kura atasimama nyuma ya amtakaye. Kisha utafuata Muda wa Kutulia, ili dhamiri zishuke kutoka kichwani hadi kwenye nyayo. Nikipuliza filimbi, ulipo ndipo kura yako ilipo. Mjumbe huyu atamalizia muhula huu mfupi uliobaki, na baada ya mvua kubwa mtachagua tena kwa muhula mpya. Maswali hayaruhusiwi, majibu nimekwishayatoa."

Watu wote wakaenda goli la mashariki, nyuma ya Mama Sekela. Mstari ulijikunja, ukapita nyuma ya shule, ukaingia shambani kwa Mchungaji. Watu waliimba. Anyosisye, ambaye alikuwa wa kwanza nyuma ya mke wake, alicheka mfululizo.

Na kule goli la magharibi alisimama Bwana Polikarpo Sengo, na nyuma yake nyasi. Alikuwa amevaa suti nyeusi. Jua lilikuwa kali. Kila mara alijipangusa uso, akatuangalia, akatabasamu, akaangalia nyuma yake, kisha akatabasamu tena.

Nyimbo zikapungua.

"Jamani," alisema Mama Subilaga, "huyo baba anaungua na jua."

"Ana kofia," mtu akajibu.

"Kofia si mtu."

"Wewe si ndiye uliyesema tusikanyage kibandani kwako?"

"Nilisema kura. Sikusema tumchome mgeni wa watu. Ana mama yake huyo, popote alipo."

Mchungaji Lugano alikohoa. "Muda wa Kutulia bado mrefu," alisema. "Ngoja nikampe kampani kidogo. Nitamsalimia tu, nirudi."

Akaenda. Tulimwona akimpa mkono Bwana Polikarpo, na Bwana Polikarpo akaushika kwa mikono miwili, asiuachie. Kila mtu akatulia moyoni. Lakini kumwona Mchungaji amesimama kule na mgeni, watu wawili tu katika uwanja mzima, ikawa wametengwa wawili badala ya mmoja. Wazee wa kanisa wakatazamana, wakamfuata mchungaji wao. Wake za wazee wakawafuata wazee. Mama Subilaga akapeleka vitumbua.

Kila aliyeondoka aliwaza jambo moja, na aliliwaza kwa ukweli mbele za Mungu: Mama Sekela ana watu wengi, hawezi kupungukiwa na mimi mmoja. Na kila aliyeondoka aliongeza: nitarudi kabla ya filimbi.

Mwisho alibaki Anyosisye. Kikombe cha maji kilikuwa mkononi mwake.

"Mama Lusajo," alimwambia mke wake, "yule baba midomo imemkauka. Nimpelekee maji?"

Mama Sekela alitazama uwanja. Alikuwa mwanamke wa kwetu, amelelewa kama sisi.

"Mpelekee, baba Lusajo," alisema. "Lakini usikae."

Anyosisye alivuka uwanja akicheka. Bwana Polikarpo alipokea maji, akanywa, na kabla hajarudisha kikombe filimbi ikalia, kwa sababu saa ya Msimamizi Mkuu ilifuata majira ya Makao Makuu, ambako mambo hufika mapema.

Tuligeuka. Hapo ndipo tulipoona.

Mama Sekela alikuwa amesimama kwenye goli la mashariki, mikono imeshika kanga begani, na nyuma yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Uwanja wote ulikuwa kati yake na sisi. Katika kumbukumbu zote za jimbo letu, tangu babu zetu walipofika mlimani, hajawahi mtu kuachwa peke yake namna ile.

"Bwana Polikarpo Sengo," alisema Msimamizi Mkuu, "kura zote. Bi Sekela, hakuna."

"Na yake mwenyewe je?" aliuliza Anyosisye, na safari hii hakucheka.

"Mgombea ni kichwa cha mstari, si mstari. Kichwa kisicho na mstari hakihesabiki."

*

Bwana Polikarpo alilia machozi. Alipanda juu ya sanduku lake akahutubia, na midomo yake ilikuwa na sukari ya vitumbua.

"Ndugu zangu," alisema, "katika maisha yangu watu wamesimama nyuma yangu benki tu, na hata huko walinisukuma. Leo nimeona nilichokuwa sijakiona. Mmeniona niko peke yangu mkanijia, mmoja mmoja, hata mume wa mpinzani wangu! Desturi yenu imenifundisha mengi kwa siku moja kuliko nilivyojifunza kwa miaka yangu ya mihuri. Nitaishi kwa desturi hii mpaka kufa."

Tulimpigia makofi, maana si adabu mtu ahutubie bila kupigiwa makofi. Lakini tulipiga tukiangalia chini.

Kesho yake asubuhi Mama Sekela alipofungua mlango alimkuta Mama Subilaga na kuku.

"Mwenzangu, nimekuja kukuomba radhi. Ni mimi tu niliyeharibu. Wengine walikuwa wanarudi, nikawazibia njia na sinia."

"Karibu, Subi. Keti."

Kabla hajaketi alifika mzee wa kanisa na kuku, akasema ni yeye tu aliyeharibu. Kisha wengine wawili na bata. Hadi jua linawaka, ua ulikuwa umejaa watu, kila mmoja akidai hatia yote ni yake, na wengine wakaanza kugombana.

"Hatia gani unayo wewe? Ulikuwa nyuma kabisa, kule kwa Mchungaji kwenye mahindi!"

"Ndiyo, lakini niliondoka mapema!"

"Mimi ndiye mume," alisema Anyosisye. "Nipisheni."

Mama Sekela aliwapikia wote uji. Hakumlaumu hata mmoja. Kama angetutukana tungepona. Badala yake aliuliza kila mtu habari za nyumbani, akamkumbusha Mchungaji kwamba sauti ya tatu imelegea katika wimbo wa Jumapili. Tulirudi na kuku wetu, maana hakuwa na mahali pa kuwaweka, na njiani kuku walikuwa wazito.

Jumapili Mchungaji Lugano alihubiri juu ya toba. Aliwaomba walioondoka kwanza wasimame. Alikuwa amesimama tayari, kwa hiyo akapiga magoti.

Tukatuma wajumbe kwa Msimamizi Mkuu, kuomba uchaguzi urudiwe. Aliwapokea akila.

"Uchaguzi ni yai lililokaangwa," alisema. "Hairuhusiwi kulirudisha kwenye ganda. Hata hivyo, Shirikisho linapenda haki. Aliyeshindwa anaweza kukata rufaa, mradi alete mashahidi wawili waliokuwa wamesimama nyuma yake wakati wa filimbi."

"Lakini hakuwa na mtu hata mmoja, Mheshimiwa. Ndiyo sababu ya rufaa."

"Basi hana rufaa," alisema Msimamizi Mkuu kwa upole. "Mnaona jinsi sheria inavyojieleza yenyewe?"

Tulibakiwa na njia moja. Tulikwenda kwa Bwana Polikarpo, tukiongozwa na Mama Sekela mwenyewe. Tulimkuta anajifunza kula kwa kijiko cha jirani.

"Baba," alisema Mama Sekela, "mimi si wa kwanza kushindwa. Umeshinda, nenda salama. Lakini kule kuna neno moja nililotaka kulisema. Nakuomba unisaidie kulibeba."

Akamweleza juu ya bonde, juu ya milango ya ukuta, juu ya mama yake na Lusajo. Bwana Polikarpo alivua kofia.

"Neno lenyewe ni 'Napinga'?"

"Ndilo hilo. Unasimama, unalisema, unaketi."

"Katika Idara ya Mihuri hatukuwa nalo," alisema. "Lakini nitalijifunza."

Na alijifunza, Mungu ni shahidi. Mpaka siku ya kuondoka alikuwa akitembea njiani akisema "Napinga, Napinga," na waliomsalimia walimsamehe. Kanisani aliweka mkono juu ya madhabahu akaahidi. Tulimwamini kwa sababu alikuwa mkweli. Mpaka leo nasema alikuwa mkweli.

*

Siku ya hoja ya bwawa tulikusanyika kanisani, na redio ya Mchungaji ikawekwa juu ya madhabahu, karibu na maua. Mama Sekela aliketi benchi la mbele na mume wake. Nyuma yao tulijipanga tukigusana mabega. Safari hii hakuna aliyethubutu kuondoka hata kwenda haja.

Mtangazaji alikuwa na sauti ya kunong'ona, kama yuko msibani.

"Waheshimiwa wameshiba," alisema. "Spika ametangaza hoja ya kufunga milango ya ukuta wa Ipyela. Anayetaka kuunga mkono atasimama upande wa Waziri, anayetaka kupinga atasimama mahali pake na kusema. Waziri wa Maji na Mwanga anainuka. Anakwenda kwenye meza ya kusomea. Anasoma. Wenzake… wenzake wengi wamesinzia. Wengine wametoka kwenda chai. Waziri anasoma ukurasa wa pili. Amesimama peke yake."

Kanisani mtu mmoja alivuta pumzi. Mama Subilaga alifumba macho.

"Yesu," alisema taratibu, "mpelekee mtu mwingine."

"Anaangusha karatasi," alisema mtangazaji. "Anaziokota mwenyewe. Anajipangusa uso. Anatabasamu. Sasa Spika anauliza, 'Je, kuna anayepinga?' Na huyo… ndiyo, Mheshimiwa wa Jimbo Jipya anainuka!"

Tulipiga kelele. Anyosisye alimkumbatia mke wake. Mchungaji akainua mikono.

"Anatoka kwenye kiti chake," akaendelea mtangazaji. "Anatembea. Anapita katikati ya ukumbi. Anaelekea kwa Waziri. Anamsaidia kupanga karatasi. Sasa amesimama kando yake."

Mchungaji akashusha mikono.

Tukasikia sauti ya Spika. "Mheshimiwa wa Jimbo Jipya, una la kusema?"

Tukasikia sauti ya Bwana Polikarpo, safi kama alivyokuwa akifanya mazoezi njiani. "Ninalo, Mheshimiwa Spika, lakini nitalisema nikirudi mahali pangu. Nimeona Waziri yuko peke yake. Kwetu mtu haachwi peke yake. Nimekuja kumpa kampani kidogo tu."

"Bunge limeona," alisema Spika, na nyundo ikalia. "Mjumbe wa jimbo lenyewe amesimama upande wa Waziri. Hoja imepita. Twende chai."

Kulikuwa na kelele za viti. Kwa mbali sana, nyuma ya kelele hizo, tulisikia mtu akisema, "Napinga. Napinga! Nimeshafika mahali pangu, Mheshimiwa Spika. Napinga!" Kisha wakapiga wimbo wetu, ule unaosifu bahari.

Mzee mmoja aliruka akasema, "Mjinga huyu! Akirudi tumfukuze!"

Mama Sekela aliinuka, akaenda mbele, akaizima redio. Alikaa kidogo akituangalia, benchi kwa benchi, kama anavyofanya akitafuta sauti iliyokosea.

"Msimlaumu," alisema. "Amefundishwa na watu wema."

*

Milango ilifungwa mvua zilipoanza. Tulishuka wote kumhamisha. Tulibeba kila kitu. Tulibeba milango, tulibeba mawe ya jikoni, tulibeba mpaka mchanga aliokuwa akisugulia masufuria. Watu walinyang'anyana mizigo, na aliyekosa cha kubeba aliona aibu, akang'oa mgomba.

Serikali ilikuwa imetoa tangazo kwamba makaburi yatahamishwa kwa gharama ya Shirikisho mara Kamati ya Makaburi itakapoundwa. Tuliingoja. Maji hayakungoja. Kaburi la mama yake Sekela tuliliwahi. La Lusajo lilikuwa karibu na mto, na tulipofika na majembe, tulikuta maji yametangulia, yametulia tu, yana majani juu. Mchungaji alifungua kitabu cha maombi, akakifunga, akaomba kwa maneno yake, na maneno yake yakakatika. Anyosisye alivua viatu akaingia mpaka magotini, akasimama huko. Mama Sekela akaingia akasimama naye. Sisi tulibaki ukingoni, na hakuna aliyejua kama desturi inaturuhusu kuwakaribia au la.

Kule Makao Makuu, tulisikia, sanamu zilipendeza sana.

Kisha mvua zikaisha, muhula mfupi ukaisha, na Msimamizi Mkuu akarudi na filimbi yake. Karatasi za kura safari hii zilikuwa zimefika salama, isipokuwa zilikuwa na picha ya sanamu badala ya wagombea. Tungepiga kura kwa miguu tena.

Mama Sekela alikubali kugombea, baada ya sisi kumwomba kwa aibu. Hakutoa ahadi. Tulikuwa tumefunga na kuomba. Tulikuwa tumewekeana kiapo kwamba hakuna atakayehama, hata malaika akisimama goli la magharibi na mguu uliovunjika.

Na kwenye goli la magharibi akaja kusimama Bwana Polikarpo Sengo.

Makao Makuu yalikuwa yamemwagiza, naye alikuwa mtu wa kuagizwa. Alikuwa amekonda. Suti ilikuwa ile ile. Hakutuangalia. Alisimama na kofia mkononi, jua likimpiga utosini.

"Msiangalie huko," alisema Mama Subilaga kati ya meno. "Atakayeangalia nitamwagia mafuta."

"Hajavaa hata kofia leo," mtu akanong'ona.

"Nimesema msiangalie!"

Mchungaji alianzisha wimbo wa kushikilia miguu. Tuliimba tumefumba macho. Mstari ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza, na tulishikana mikono, mimi nimemshika aliye mbele, wa nyuma amenishika mimi, kama watu wanaovuka mto. Tulikuwa tumefaulu. Tulikuwa tumejifunza kumwacha mtu peke yake, na niliona aibu, nikaiita ushindi.

Wimbo ulipofika katikati, sauti ya kwanza ilikosekana. Tukafumbua macho. Goli letu halikuwa na mgombea.

Mama Sekela alikuwa anavuka uwanja.

"Bi Sekela!" aliita Msimamizi Mkuu. "Kichwa cha mstari hakiruhusiwi kutembea!"

"Nakuja, baba," alijibu bila kugeuka. "Nakwenda kumchukua mgeni."

Alifika kwa Bwana Polikarpo. Yeye alirudi nyuma hatua moja, kama anayengoja kupigwa.

"Mama," alisema, "nililisema lile neno. Nililisema nikiwa nimeshachelewa."

"Nilikusikia."

"Sijui nikuombe radhi kwa namna gani."

"Hapa kuna jua," alisema Mama Sekela. "Njoo usimame na sisi kule."

"Lakini mimi ni mpinzani wako."

"Najua. Njoo."

Alimshika mkono, wakavuka uwanja pamoja. Anyosisye alisogea nyuma, na mstari mzima nyuma yake ukasogea, na Bwana Polikarpo Sengo akapewa nafasi ya kwanza, nyuma ya Mama Sekela. Mtu mmoja akampa kitambaa. Msimamizi Mkuu alipekua kanuni zake mbele na nyuma, hakuona mahali palipokataza, akapuliza filimbi kwa huzuni.

Mama Sekela alipata kura zote, pamoja na ya mpinzani wake.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa tunaangalia uwanja. Kutoka goli hadi goli si mbali. Mbuzi wa Mchungaji huvuka kila siku bila kuomba, na siku ile ya kwanza yeyote kati yetu, badala ya kwenda kukaa kule, angeweza kwenda na kurudi na mtu mkononi.

Mchungaji ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo. "Mama Sekela, mbona siku ile ya kwanza hukumwita hivi?"



"Siku ile," alisema Mama Sekela, "nilikuwa nawasubiri ninyi mrudi."

Kisha akajifunga kanga vizuri, akamwuliza Msimamizi Mkuu Bunge linakaa lini, na njia ya kwenda Makao Makuu sasa inapita wapi, kwa maana ile aliyoizoea ilipita bondeni.